Neoni hawakufa kwa ugonjwa: samaki wadogo wenye rangi kwa maji ya kisima na joto la Dar

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Tegeta, nina watoto wawili. Nilinunua tangi la lita 60, nikatia changarawe nyeupe, mawe mawili ya matumbawe, kauri za kuokota ufukweni na mimea mitatu niliyopewa dukani bila kuambiwa majina. Nimeliweka karibu na dirisha lipate mwanga. Maji ni ya kisima cha hapa nyumbani, yana chumvi kidogo ila tunayatumia kwa kuoga na kufulia. Siku ya tatu nikatia neoni 12. Siku ya tano wakaanza kupanda juu na kuhema, wakafa mmoja mmoja, wa mwisho baada ya wiki mbili. Muuzaji akasema ni ugonjwa, akaniuzia dawa ya bluu. Maji yakawa bluu na mimea ikaoza. Bado nataka samaki wadogo wenye rangi, na mimea iliyo hai. Ninunue samaki gani, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako sioni ugonjwa hapo. Ugonjwa wa kuambukiza huanza na mmoja, siku zikapita, akafuata mwingine, na mara nyingi huacha alama: vidoa vyeupe, ukungu, mapezi yaliyolika. Wako walipanda juu kwa pamoja siku ya tano. Hiyo ni amonia. Waliosalia wakaja kumalizwa na mambo mawili ambayo neoni hawayawezi kabisa, maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na joto la kwetu.

Tuanze na amonia, maana hata ukinunua samaki wengine kesho, itawaua na hao. Samaki hutoa amonia mwilini kupitia matamvua, na chakula kinachobaki chini kikioza kinaongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na mimea huila. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na juu ya majani, na huchukua wiki nne hadi sita kujenga idadi ya kutosha. Tangi lako lilikuwa na siku tatu. Samaki 12 waliingia mahali ambapo hapakuwa na wa kusafisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Amonia ndani ya maji huwa ya namna mbili, moja ni sumu kali na nyingine haidhuru sana, na kinachoamua uwiano wake ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na joto. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 25, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Maji yale yale yakiwa na pH 8.2 na nyuzi 30, sumu inapita asilimia 10. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina pH ya juu, na wewe ukaongeza matumbawe na kauri, ambavyo vyote ni chokaa inayoyeyuka polepole. Kwa hiyo kosa ambalo mtu wa nchi ya baridi mwenye maji laini angelifanya akapoteza samaki wawili, kwako limefagia wote.

Ile dawa ya bluu ilizidisha. Inatumika kwa ukungu wa mayai na kwa baadhi ya magonjwa, tena kwenye ndoo ya pembeni. Ndani ya tangi lenye mimea inaua majani na kuwadhuru bakteria wale wale uliokuwa unawahitaji. Mtu akikuambia utie dawa kabla hajakuuliza tangi lina umri gani na maji yanatoka wapi, mshukuru, rudi nyumbani na dawa muachie.

Neoni wenyewe kwao ni mito ya juu ya Amazon, upande wa Peru, Kolombia na Brazili, kwenye vijito vilivyofunikwa na miti ambavyo maji yake ni laini mno na yana asidi. Wanasayansi waliwapa jina mwaka 1936, na wengi wanaouzwa leo hawajawahi kuuona mto huo: wamezaliwa kwenye mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wafugaji hao wamewazoesha maji magumu kidogo kuliko ya kwao, lakini si ya kisima cha Tegeta. Joto wanalolipenda ni kati ya nyuzi 21 na 26. Mwezi wa pili na wa tatu, tangi lililoko sebuleni Dar linafika 30 bila hita yoyote. Kwa joto hilo mwili wa samaki unakwenda mbio, unataka oksijeni zaidi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: karibu miligramu 8.4 kwa lita yakiwa nyuzi 24, na 7.5 yakiwa 30. Ukiwa na ndugu Nairobi atakuambia neoni ni rahisi, na hakudanganyi. Maji ya bomba ya kule, mengi yakitoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Aberdare, ni laini, na ubaridi wake mtu anautibu kwa hita ya bei ndogo. Kupandisha joto ni kazi ya waya mmoja. Kulishusha ni gharama.

Kabla sijawaacha neoni: ule mstari wao wa bluu si rangi iliyopakwa kwenye ngozi. Ni vijifuwele vidogo vinavyorudisha mwanga, na usiku mwili hulegeza mpangilio wake, mstari ukafifia. Wengi wanawasha taa alfajiri, wanaona samaki amepauka, wanakimbilia dawa. Ungengoja dakika chache ungeuona mstari ukirudi.

Basi uamuzi wako ni mmoja kati ya miwili. Ama ubadilishe maji yafuate samaki, ama uchague samaki wafuate maji. Mimi nakushauri la pili bila kusita. Kupata maji laini Dar kunawezekana, kwa mvua: unaacha manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi la bati, unakinga yanayofuata, unachanganya na ya kisima. Nusu kwa nusu ugumu unashuka nusu, hesabu haina siri. Lakini mvua ikikata kiangazi unabaki na samaki wanaotegemea pipa lililokauka, na kubadilisha aina ya maji ghafla kunaua kuliko maji mabaya waliyoyazoea.

Pima kwanza maji uliyonayo. Ukiosha mikono na sabuni ya mche na povu likagoma, ni magumu. Ukiona utando mweupe ndani ya birika, ni magumu. Kwa chumvi, kuna kalamu ya kupimia vitu vilivyoyeyuka, inaitwa TDS, bei yake si kubwa; ukipata chini ya 500 una nafasi kubwa ya kuchagua, ukipata 1,000 bado wapo samaki wa kukufaa, na ukivuka 2,000 uongee na mimi tena kabla hujanunua chochote. Jirani zako wa mtaa wa pili wanaweza kuwa na kisima chenye namba tofauti kabisa, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu. Kama unapata na ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au uyapulizie kwa pampu ya hewa usiku kucha, klorini iondoke.

Mawe na kauri toa vyote. Ukitaka kujua jiwe lolote, lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, lirudishe bustanini. Lipambe tangi kwa mawe meusi ya mtoni au kigogo kikavu kigumu kilicholowekwa mpaka kikazama.

Sasa samaki. Kwa kisima chenye chumvi kidogo na joto la nyuzi 28 hadi 30, chaguo langu la kwanza kwa watoto wako ni gapi wadogo wanaoitwa endla. Asili yao ni Laguna de Patos, karibu na mji wa Cumaná nchini Venezuela, kwenye maji ya vuguvugu na magumu, yaani ni kama waliumbiwa kisima chako kabla hakijachimbwa. Dume hafiki sentimita 3, na rangi yake ni ya machungwa, kijani kinachong'aa na madoa meusi, hakuna wawili wanaofanana. Walitambuliwa kisayansi kama aina ya peke yao, Poecilia wingei, mwaka 2005 tu. Madukani wengi wamechanganyika na gapi wa kawaida, na sioni ubaya wowote kwa tangi la nyumbani. Gapi wa kawaida mwenye mkia mfupi naye anakufaa. Wenye mikia mirefu mizito waache. Hawaogelei vizuri, wanapatwa na mkia kuoza, na kwenye joto huchoka upesi.

Nunua madume peke yao, wanane au kumi. Ukichanganya na majike utakuwa na watoto kila wiki nne hivi, na jike aliyewahi kukaa na dume huhifadhi mbegu miezi kadhaa, hivyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Lita 60 zinajaa kabla ya Krismasi.

Beta dume mmoja anaweza joto letu vizuri, na anapumua hewa ya juu hivyo umeme ukikatika hana habari. Ila ni yeye peke yake, bila gapi, maana mikia ya rangi humpandisha hasira. Moli wanapenda chumvi kuliko wote, lakini wanakua wakubwa mno kwa tangi lako. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa bluu na manjano utakaoonyeshwa dukani kwa sababu ni wetu na wanapenda maji magumu, hapana kabisa: wanafukua, wanang'oa na kuila mimea, na wanahitaji tangi la zaidi ya lita 200. Wa Ziwa Tanganyika wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, sentimita 4 tu. Maji yako wangeyapenda na mimea wangeiacha, ingawa nao hufukua mchanga kutwa nzima. Lakini wana milia ya kahawia, na watoto wako wanataka rangi.

Kuna samaki mmoja ambaye sikutaka kukujibu bila kumtaja, na ndiye mwenye rangi kuliko wote niliowasema. Yupo Unguja. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri, alielezwa mwaka 1893, na wafugaji wa Ulaya wamemtunza na kutumiana mayai yake kwa posta kwa miongo mingi, wakati sisi wenye kisiwa tunapita kando ya dimbwi lake tukidhani ni la viluwiluwi tu. Dume ana sentimita 5 hivi, magamba ya kijani-bluu yenye ukingo mwekundu kila moja, na mkia mwekundu uliozungushiwa mstari mweusi. Jike ni wa kijivu, hana pambo lolote. Ana ndugu zake bara: Nothobranchius eggersi wa bonde la Rufiji, Nothobranchius korthausae wa Mafia, na Nothobranchius melanospilus anayepatikana Pwani.

Wanaishi kwenye madimbwi ya msimu. Mvua ikinyesha wanaanguliwa, ndani ya wiki chache wamekomaa, wanataga kila siku kwenye tope, dimbwi linakauka, wote wanakufa. Mayai yanabaki ndani ya tope kavu, kiinitete ndani yake kikiwa kimesimama kukua, mpaka mvua ya msimu mwingine. Na si yote yanayoanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine hungoja, kwa sababu mvua ya kwanza mara nyingine hudanganya, dimbwi likakauka baada ya siku nne na vifaranga vyote vikafa. Yaliyongoja ndiyo yanayoendeleza ukoo. Nduguye wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, anafugwa kwenye maabara za utafiti wa uzee kwa sababu maisha yake yote ni miezi michache na mtafiti anaweza kuyaona mwanzo mpaka mwisho.

Nyumbani wanataka tangi lao peke yao, dume mmoja kwa majike wawili au watatu, mfuniko usio na tundu kwa sababu wanaruka, na mimea mingi ya majike kujifichia. Adui yao mkubwa ni ugonjwa wa vumbi la dhahabu kwenye ngozi, na wafugaji wengi duniani huwawekea chumvi kidogo ndani ya maji kuukinga. Kisima chako kina chumvi hiyo bure. Weka kibakuli cha vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kusafishwa vizuri, watatagia humo. Baada ya wiki mbili toa makumbi, yakamue, yatie kwenye mfuko wa plastiki yakiwa na unyevu wa tumbaku, andika tarehe, hifadhi kabatini miezi mitatu hivi. Kisha mwagia maji. Saa chache tu, vifaranga hao, kila kimoja kama kope ya jicho. Kwa mtoto wa shule hakuna somo la baiolojia linaloshinda hilo.

Lakini joto la nyuzi 30 mfululizo linawafupishia maisha ambayo tayari ni ya mwaka mmoja hivi, hawapendi chakula kikavu, na kuwachota porini kunataka kibali, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya eneo. Kwa tangi la kwanza, la watoto waliokata tamaa, wasiwe hao. Wawe wa tangi la pili.

Mimea. Hapa maji magumu yanakusaidia, na wengi hawajui. Ipo mimea inayoweza kuchukua kaboni yake kutoka kwenye bikaboneti, yaani kwenye ugumu wenyewe wa maji, na inashamiri mahali ambapo mimea ya maji laini inasinyaa. Miwili inatosha kukujengea tangi. Wa kwanza ni valisneria, majani marefu membamba kama utepe, unautia nyuma, na baada ya miezi miwili umetambaa chini ya mchanga na kutoa vichipukizi kila upande. Ukiupanda usifukie ile shingo ambapo majani yanaanzia, utaoza. Wa pili ni seratofilamu, ambao hauna mizizi, unaelea au unaufunga kwenye jiwe kwa uzi, na unakua haraka kiasi kwamba ndio utakaokunywa amonia yako ya wiki za mwanzo. Upo kwenye maziwa na mabwawa yetu mengi. Saa saba mchana, taa ikiwa imewaka muda, ukichungulia kwa karibu utaona viputo vidogo vimening'inia kwenye ncha za majani, kimoja kinaachia, kingine kinajaa: hiyo ni oksijeni, maji yamejaa mpaka hayaipokei tena. Ukiona hivyo ujue mmea umeshika.

Kwa mbele weka anubia, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani mazito ya kijani kibichi ambayo hata samaki mtafunaji huyaacha. Shina lake nene lisifukiwe. Lifunge juu ya kigogo. Unakua polepole mno, jani moja kwa wiki kadhaa, na hauhitaji taa kali. Mimea yoyote utakayopewa dukani inaweza kumwaga majani yote wiki ya kwanza. Usiing'oe. Mingi ilikuzwa nje ya maji, na inaangusha majani ya hewani ili itoe ya majini.

Ukienda kuchuma mwenyewe bwawani, nakuomba mambo mawili. Usiingie na miguu mitupu, kuna kichocho, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye mimea hiyo hiyo unayoitaka. Ukifika nyumbani usiitie moja kwa moja: iloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, saa mbili hadi tatu, kisha isuuze kwa maji mengi. Shabu ile ya sokoni ya kutulizia maji inatosha. Gugu maji la Ziwa Victoria usilete nyumbani hata kama ua lake linakuvutia.

Changarawe yako nyeupe sijui imetengenezwa na nini. Ipime kwa siki. Kama inatoa povu, badilisha kwa mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yawe meupe, kina cha sentimita 5. Wa baharini una chumvi na vipande vya makombe, uache. Ukitaka mimea ishibe, tandaza kwanza sentimita 2 za udongo wa bustani usio na samadi wala mbolea, halafu mchanga juu yake, na uwe na subira maji yakichafuka mara moja mbili. Tangi lihamishe kutoka dirishani. Jua la pwani linachemsha maji na kuotesha mwani wa kijani, na huna namna ya kulizima. Tumia taa nyeupe ya LED, saa saba au nane kwa siku, kwa swichi ya saa. Mwani ukizidi punguza saa, usiongeze dawa.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Wiki ya kwanza: mchanga, mimea mingi kadiri unavyoweza, maji, filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Hakuna samaki. Tupia chakula kidogo sana kila siku mbili, kioze, bakteria wapate riziki. Kama una rafiki mwenye tangi lililokaa mwaka na samaki wazima, muombe akamulie sponji yake ndani ya lako. Uchafu ule wa kahawia utakuokolea wiki mbili au tatu. Mwani wa kwanza ukitokea kwenye kioo na valisneria ikitoa jani jipya, karibu wiki ya tano, tia madume watatu. Watu wenye vipimo vya amonia na nitriti wasubiri visomeke sifuri. Wiki mbili zikipita salama, waongeze waliobaki. Samaki wapya waelee na mfuko wao robo saa, kisha uwachanganyie maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine, halafu uwatoe kwa wavu mdogo. Maji ya mfuko mwaga.

Baada ya hapo kila wiki badilisha robo ya maji. Kujazia yaliyopungua si kubadilisha: yanayoruka ni maji matupu, chumvi inabaki, na ukijazia tu ya kisima bila kubadilisha, miezi sita baadaye tangi linaweza kuwa na chumvi mara mbili ya kisima. Kujazia tumia ya mvua ukiwa nayo. Sponji ioshe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, si bombani. Hayo machafu yapelekee maua, hakuna mbolea nzuri kuliko hiyo.

Joto lishushe kwa feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Inashusha nyuzi mbili hivi siku ya upepo mkavu, na chini ya hapo hewa ikiwa nzito ya unyevu, kama ilivyo Machi. Umeme ukikatika usiku, hatari ni oksijeni, kwa sababu gizani mimea nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Samaki kumi wadogo ndani ya lita 60 watavuka usiku mzima, thelathini hawatavuka. Ndiyo maana nimekuwekea kikomo. Kuna pampu ndogo za betri, ukiipata inunue. Hita usinunue.

Chakula ni kile kinacholiwa kikaisha ndani ya dakika moja, mara moja kwa siku. Mkabidhi mtoto mmoja kazi hiyo, si wote wawili, maana kila mmoja atalisha na kusema mwenzake hajalisha. Mara kwa mara wape viluwiluwi vya mbu: ndoo ya maji iliyoachwa nje siku chache huwa navyo. Vichuje kwa kichujio cha chai, vioshe, uvitie tangini siku hiyo hiyo, na ndoo uimwage kabisa ikauke. Usiifuge. Mbu wa dengi ndiye anayependa ndoo za uani. Ukisafiri wiki moja waache bila chakula, watakuwa wazima. Anayewaua ni jirani mwema aliyeachiwa kopo zima.

Na endla wakikuzidi, kwa sababu muuzaji atakosea na jike mmoja ataingia kati ya madume, usiwamwage mtaroni wala kwenye dimbwi. Gapi walisambazwa nchi nyingi za joto ili wale mbu, na mahali pengi wamewabana samaki wadogo wa asili. Wape rafiki, au wapeleke dukani. Wenye maduka wengi huwapokea na kukupa chakula cha samaki badala yake.

Nikukumbushe tu: kabla ya kununua chochote, niandikie namba ya TDS ya kisima chako na uniambie siki imesema nini kwenye changarawe.